Mwaka Sifaeli Alipoikataa Krismasi

Mimi ni Muislamu, swala tano, na mwaka huu Krismasi nusura initoe roho. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nimebadili dini. Sijabadili. Ila Krismasi ya kwa Tabea ni yangu pia, kama Idd yangu ilivyo ya kwake, na mtu akiigusa amenigusa mimi.

Tabea ni Mmeru, Mlutheri, ana shamba la kahawa na migomba huko juu ya Kikatiti. Tulikutana sokoni tukiwa wasichana, yeye anauza ndizi, mimi khanga, tukazoeana mpaka watu wakatuita mapacha, ingawa yeye ni mrefu na mimi nimebaki hivi hivi. Mtoto wake wa kiume ni mmoja tu, Sifaeli. Alipofaulu kwenda sekondari mjini, alikaa kwangu, mtaa wa Sokon One, mpaka akamaliza. Ramadhani alikuwa anafunga pamoja na mwanangu Najim, na asikudanganye mtu, alikuwa anafuata futari. Nimemfulia mashati yule, nimemtibu malaria.

Kila Krismasi sisi tunapanda mlimani. Mume wangu Omary ndiye anayechinja mbuzi, kwa kisu chake na bismillahi yake, ili wote tule sufuria moja. Wanaume wa pale, Walutheri watupu, wanamshika mbuzi miguu na kunyamaza mpaka amalize. Kuna mwaka kijana mmoja msikitini alimuuliza Omary kama haoni vibaya kwenda kwenye sherehe ya Wakristo. Omary akamwambia, "Naenda kuchinja, mwanangu. Kuswali naswali hapa." Yakaisha.

Kumbe balaa lingetokea upande wa pili.

Sifaeli sasa anaishi Elerai, huko huko mjini, na mkewe Magreth, anatengeneza madirisha ya alumini. Alikwishahama kanisa la wazazi wake, akajiunga na kusanyiko dogo linalosali kwenye ukumbi wa kukodi. Huko wanasoma sana, na mimi sina ugomvi na kusoma. Baba yake, mzee Fanuel, alimwacha aende na imani yake. Mzee akafariki mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na moja Sifaeli akapanda nyumbani, akamkuta mama yake amekaa na akina mama wa kanisani wanapanga kwaya ya Krismasi. Akawaambia pale pale, hata kiti hajapewa, kwamba tarehe ishirini na tano Desemba haimo kwenye Biblia, kwamba ilikuwa sikukuu ya jua ya Warumi, na mti wa kupamba umetoka kwa wapagani wa Ulaya. Kisha akamgeukia mama yake: "Mama, umri wako wote umekuwa unaadhimisha jua."

Mbele ya wenzake! Mjane ambaye udongo wa kaburi la mumewe haujakaa sawa.

Tabea akasimama. "Kama hapa ni kwa wapagani," akamwambia, "usikanyage."

Na kweli hakukanyaga tena.

Wiki ya Krismasi nilipanda kumsaidia, nikakuta nyumba imepoa. Mahindi ya loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa mgando, hayajatwangwa, uwanja haujafagiwa, na mbuzi amefungwa kwenye mgomba anatutazama tu.

"Huyu namuuza," Tabea akasema.

"Umuuze kwa nini? Mabinti zako wanakuja."

"Wanakuja na waume zao, halafu nyama itakatwa na nani?"

Nilimwelewa. Pale kwao nyama ya sikukuu inakatwa na mwenye mji, na yeye ndiye anayeombea chakula. Fanuel ameondoka, kwa hiyo ni Sifaeli. Bila Sifaeli ile nyumba haina mwenyewe, na wakwe wote wangeliona hilo kwenye sinia.

"Basi mpigie simu," nikamwambia.

"Mama Najim, mimi mzazi ndiye nikamwombe radhi mtoto kwa sababu amenitukana?"

Akageukia jiko, akajifanya anachochea kuni. Msibani alilia kwa adabu, kidogo, na kitambaa mkononi. Siku ile alilia kama mtoto. Niliumia sana, na mimi nikiumia hasira haikai mbali.

Sasa hawa wenzetu wana mmea wanauita sale, wenye majani marefu ya kijani, wanaupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosana na mwenziwe akimpelekea jani la sale, huyo mwingine hawezi kukataa kusamehe. Hilo si la kanisa, ni la mababu, lakini Walutheri wa mlimani wanalitumia bila wasiwasi wowote. Nililiona kwa macho yangu mwaka ambao Fanuel na mdogo wake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mfereji wa maji. Mdogo alikuja na sale mkononi, Fanuel akalipokea huku amenuna, na kabla ya giza walikuwa wanacheka pamoja.

Tabea alipokwenda kukamua ng'ombe, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachuma jani moja lililonawiri, nikalikunja ndani ya khanga. Kesho yake nilikuwa Elerai.

"Shikamoo, ma'mdogo," Sifaeli akanipokea. Sikukuu zote alikuwa amezikataa, ila shikamoo aliibakiza. Magreth akaleta chai, tukaanza.

Niseme kweli, alinishinda. Nilimwambia siku zote zimeumbwa na Mungu. Akasema ndiyo, lakini hii ilichaguliwa na watu, karne nyingi baada ya Yesu. Nikamwambia mchungaji wa mama yake analijua hilo, anasema wazee wa kanisa waliichukua siku ya wapagani wakaipa mwenyewe mpya. "Nani aliwaruhusu?" akauliza. "Na wewe, ma'mdogo, huamini hata kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Mbona unaitetea sherehe yake?"

"Namtetea mama yako!" nikamwambia, na sauti yangu ikasikika hadi nje. "Hayo mengine kayamalize na Warumi."

Akainamisha kichwa. Hakuwa kijana mbaya, na alichosema hakukitunga. Ila alikuwa anakihubiri kama mtu aliyesahau anaongea na nani. Nikafungua khanga, nikaliweka lile jani mezani.

Magreth akabaki na chupa ya chai mkononi.

"Umetumwa na Mama?" Sifaeli akauliza.

"Sijatumwa na mtu."

"Umelichuma wapi?"

"Pale nyuma, kwenye kaburi la mzee. Ndiyo niliyoyaona mazuri."

Akasimama. "Ma'mdogo, yale hayachumwi."

"Sikujua, baba."

"Hayachumwi kabisa. Yale ni ya Baba, ni kama yeye mwenyewe amelileta." Akapangusa uso kwa kiganja. "Huu sasa ni upagani kuliko hata Krismasi."

Lakini alilichukua. Akaliweka juu ya Biblia yake, akaliondoa upesi. Akaliweka juu ya kabati la vyombo, akaliondoa tena. Nilipoaga alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, jani mkononi, hajui aliweke wapi. Nikarudi nyumbani na wasiwasi, maana nilikwenda kumbembeleza kijana, na nilimwacha ameshtuka.

Mbuzi hakuuzwa. Mabinti walifika mapema na watoto wao, na Tabea akaona haya kuwapa kabichi. Siku ya Krismasi Omary alichinja wakati wenyeji wako kanisani. Tabea aliporudi kutoka ibadani alipitia kaburini, kama anavyofanya kila Jumapili. Alirudi uwanjani na uso mwingine.

"Nani amekata sale la mzee?"

Mabinti wakatazamana. Nikamwambia ni mimi, na nikamweleza nilikolipeleka. Nilitegemea atashukuru, mjinga mimi.

"Zuleha!" Huwa ananiita Mama Najim. "Umempelekea mwanangu mkono wa baba yake aliyekufa! Hata akija leo, atakuwa amekuja kwa kuogopa. Nani amekwambia namtaka kwa kuogopa?"

Omary, ambaye kwa kawaida hunitetea hata nikikosea, aliendelea kuosha kisu.

Mchana ulikuwa mrefu. Nyama iliiva, ikatolewa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba. Wakwe waliongea habari za bei ya kahawa, wakazimaliza, wakazianza upya. Hakuna aliyeuliza nani atakata.

Kisha pikipiki ikasimama barabara ya chini, na tukawaona Sifaeli na Magreth wanapanda katikati ya migomba. Alikuwa amevaa shati la kazini, nadhani makusudi, kila mtu ajue hakuja kusherehekea. Jani la sale alikuwa nalo mkononi, limeanza kukauka ncha.

Tabea hakuinuka kwenye kigoda chake. "Umemwogopa baba yako?"

"Nilimwogopa," Sifaeli akasema. "Siku ile nilitaka kuja usiku usiku. Nikajizuia. Nimekaa nalo hili jani mpaka woga ukaisha, ndiyo nimekuja." Akapiga magoti pale uwanjani, mbele ya mashemeji zake wote. "Baba hajanikosea kitu. Na wewe hujanikosea. Hili jani limepelekwa kwa mtu asiyestahili, Mama. Ni la kwako." Akamnyooshea kwa mikono miwili. "Niliyosema juu ya Krismasi sijayaacha. Lakini nilikuaibisha mbele ya wenzako, na una msiba. Nisamehe."

Kwa mila yao Tabea asingeweza kukataa. Lakini nilivyomwona akilipokea na kulikumbatia kifuani, sidhani kama alikuwa anafikiria mila.

"Mimi najua Yesu hakuandikiwa tarehe," akasema taratibu. "Baba yako pia alijua. Lakini hii ndiyo siku mnayorudi, Sifa. Nikiiacha, nitawaona lini?"

Alikuwa analia, mwanaume mzima, na mimi ndiyo usiniulize.

"Kanawe mikono," Tabea akamwambia. "Nyama inapoa."

Alikata nyama alivyokuwa anakata baba yake, mama kwanza, halafu wageni, na Omary akapewa mbavu. Kisha tukasubiri sala. Magreth alimtazama mumewe kwa wasiwasi. Sifaeli akafumba macho, akashukuru kwa chakula, kwa waliosafiri, na kwa wageni waliokuja kutoka mjini. Krismasi hakuitaja hata mara moja, wala hakuna aliyemkumbusha. Akafika kwa baba yake, akamtaja kwa jina, Fanuel, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikagoma. Ndipo Tabea akamshika bega, akaimalizia yeye ile sala, na wote tuliokuwa pale tukaitikia amina.