Sebule ya Mfalme

Watu wa filamu walituambia watapiga filamu sebuleni kwetu: tamthilia ya kale ya Kiingereza, ila mfalme wake sasa amegeuzwa tajiri wa suti na kampuni. Mama akasikia neno "mfalme" tu. Akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa, akatandika vitambaa vyeupe kwenye makochi, akavaa gauni lake la kuendea harusi.

Mbunifu wao wa mavazi alipoliona gauni lile alipiga makofi. "Hilo hilo, mama! Tuazime. Litamfaa yule kichaa wa jalalani kwenye filamu yetu."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia atoke. Mama akanishika mkono. "Ni wageni hao, mwanangu." Akaenda chumbani kulivua.

Leo filamu inaonyeshwa kwenye televisheni, na mama amealika majirani wote. Tajiri ameporwa kampuni, anaingia sebuleni kwetu, anajitupa kwenye kochi la marehemu baba na kulia: "Hakuna pa chini kuliko hapa!"

Majirani wote wakainamisha macho. Nikainuka niipasue ile televisheni.

"Lakini nilikuwa nimepiga deki," akasema mama.