Pilau ya Mama Mkwe

Tulitoka Euless kwenda Pearland kwa mama mkwe, kwa gari letu lenye kitanda na jiko, pilau yake ikiwa motoni. Karibu na handaki refu la Houston lipitalo chini ya maji nikasikia harufu.

"Shaame, gesi umefunga?"

"Nifunge, pilau ipoe? Mama atatusema mwaka mzima, mke wangu."

Nikageuka. Upepo wa dirishani ulikuwa umezima moto, gesi inavuja. Amna wetu wa miezi saba amelala kwenye kiti chake, kando ya jiko.

"Simama! Usiingie humo!"

Akasimama mlangoni mwa handaki. Nikafunga mtungi, nikamtoa mwanangu nje. Hakuamka. Nikamwita, nikampepea, mpaka akapiga chafya, akalia.

Pilau ilifika baridi. Mama mkwe alimpakata Amna, akaila hivyo hivyo.