Nyayo kwenye Grisi

Wiki ya kwanza ya Machi 1994, ndege wawili aina ya inyamanza walijenga kiota kwenye mparachichi wa Béatha, kule Gikondo, wakataga mayai matatu. Béatha kwa ndege hao alikuwa haambiliki. Inyamanza hauawi, ni mwiko, hata mtoto wa juzi anajua. Lakini paka wa jirani hajui. Basi Béatha akakata matawi yaliyogusa ukuta, akalizungushia shina bati kuukuu, na bati akalipaka grisi nyeusi aliyoleta mumewe Kalisa kutoka gereji.

Asubuhi bati lilikuwa na nyayo za viatu. Viatu vya mtu mzima, kisigino kimoja kimelika upande, zimepanda shina wima kama anayekwenda misa, kisha zimeshuka.

"Salvator huyo," alisema Kalisa, akiendelea na chai yake. Salvator ndiye aliyekuwa kiongozi wa mtaa.

Béatha alimkuta mlangoni kwake akisugua soli kwa kijiti, yule paka wa jirani amelala kando.

"Mwaramutse, mama Kaliza. Iko mayai tatu," alisema kabla hajaulizwa, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza, akamwonyesha daftari. "Mimi nahesabu tu. Iko amri."

"Amri ya ndege?"

"Ya yote iko kwa mtaa."

Béatha akamwambia basi akanyage taratibu, matawi ya juu ni mepesi. Salvator akaahidi. Alikuwa mtu wa adabu, huwezi kumnyima hilo.

Ijumaa kiota kilikuwa kitupu. Hakuna ganda wala unyoya. Kwenye grisi palikuwa na nyayo zile zile, na nyuma yake nyingine nyingi za wanaume asiowajua. Inyamanza walikaa juu ya paa la jiko wakitikisa mikia, kimya. Aliyelia ni Béatha. Majirani wakamwambia pole, ni paka tu. Jamani, paka miguu yake ilikuwa safi!

Jumapili, baada ya misa, alipaka grisi ukuta wa nje wa chumba cha watoto, chini mpaka juu. Kalisa alinung'unika kuhusu rangi, lakini akamshikia ngazi.

Jumatatu asubuhi nyayo zilikuwa zimepanda ukuta, zimeingia dirishani, zimetembea darini hadi juu ya kitanda cha Kaliza na wadogo zake wawili. Hapo zilisongamana, za mtu aliyesimama sana akitazama chini. Zilikuwa za mtu mmoja tu. Béatha akawapa watoto uji.

Salvator alipita wakiwa bado wanakunywa.

"Iko watoto tatu, mama Kaliza. Sijakosea?"

"Hata mayai hukukosea," alisema Béatha.

Salvator akaandika, akapangusa viatu kwenye kizingiti, akatoka. Nyumba ya jirani, ambaye kitambulisho chake kilikuwa cha kabila lingine, aliipita bila kuitazama, akaingia inayofuata.

Béatha akamwomba Kalisa alete mkebe mwingine. Kalisa akasema gerejini hakuna tena. Tangu Alhamisi wanawake walikuwa wanapanga foleni kuomba grisi, na wote walikuwa na watoto.