Maji ya Profesa Numbi

Profesa Alphonse Numbi alikuwa msomi wa kusema, si wa kutazama. Miaka minne alisimamia kazi ya Laurentine Mwelwa, na hakuinamia hadubini hata siku moja, mgongo, eti. Lakini kwenye kila makala jina lake lilitangulia la Laurentine. Hapo mgongo haukumuuma!

Kazi yenyewe ilihusu mousse, ule ujani laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu. Laurentine alichunguza mbegu zake za kiume: jinsi kila seli changa inavyojijengea ukuta, protini zipi zinakaa kwenye ukuta ule, na jinsi ukuta unavyotoweka seli ikikomaa, hadi mbegu ibaki uchi, tayari kuogelea. Kwa siku ya kutetea tasnifu alikuwa na sinia moja tu ya vichipukizi vilivyoiva. Aliliweka pakavu. Vikiguswa na maji, vifuko vyake vya mbegu vinapasuka na mbegu zinakwenda zake. Alikwisha kuliandika hilo ukurasa wa tatu, kwa herufi nene. Nani asome?

Asubuhi hiyo Profesa alipita maabara, akakuta sinia limejaa vumbi jekundu la barabara ya Kinsevere. Aibu gani hii, na jury ya watahini inakuja! Akaliosha ndani ya beseni, taratibu, kama mtu anayeosha majani ya sombe ya wageni. Akaondoka amejipenda kweli.

Saa nne Profesa Martine Ngosa, mkuu wa jury, akainamia hadubini kutazama kichipukizi cha sinia lile.

"Ndani hamuna kitu," alisema, akiigonga tasnifu iliyokuwa mezani. "Njo thèse hii?"

Laurentine aliinama kulitazama sinia. Miaka minne, na jibu lote lilikuwa kwenye sinia lile.

"Ni ye alitengeneza mubaya," Numbi akadakia. "Nilimwambia!"

Lo, mtu huyu! Kwa hasira Laurentine akageuza macho, na macho yakaliona beseni chini ya meza, maji yake mekundu. Akachota tone, akaliweka kwenye kioo.

"Mama Professeur, angalia tena."

Martine aliangalia kwa muda mrefu. Mbegu zilikuwa zimejaa, zinaogelea, hazina ukuta.

"Njo vile uliandika," alisema mwishowe. "Page ya tatu. Zikipata mayi, zinatoka. Sasa, nani alitia mayi?"

Wote walimtazama Numbi, mikono ya shati lake jeupe imelowa tope jekundu hadi viwikoni. Akaivuta ile tasnifu, akaifungua kwa mara ya kwanza, akaanza kutafuta ukurasa wa tatu.