Kulia kwa Nani

Mwashi alifunga kamba kwenye bawaba ya mlango wa mbele, akaivuta katikati ya ukumbi mpaka mlango wa uani, akaikaza. Nyumba ya marehemu mama ikawa nusu mbili.

"Ukuta utapita hapa," alisema. "Haya, nani anachukua wapi?"

"Kulia," alisema Dada Pindo, mshonaji.

"Kulia," alisema mdogo wake, mpaka rangi, ambaye mtaa mzima humwita Brashi.

Mwashi akashusha pumzi. Shangazi yao alikuwa amekwisha kumwonya. Tangu Brashi alipotangaza kuwa anaoa, na ikaonekana vyema kila mmoja awe na mlango wake, ndugu hawa walikuwa wamelitamka neno hilo moja mbele ya shangazi, kisha wakanuniana. Lakini walinuniana kwa adabu. Dada Pindo aliendelea kumwekea mdogo wake chai na kuifunika kwa kisahani, ila hakumwita aje kunywa. Brashi naye, kila alfajiri, aliitia mafuta cherehani ya dada yake kabla hajaamka, akatoka akinyata.

Dada Pindo alikitaka chumba chake cha kushonea kwa ajili ya dirisha la ubavuni, lile linaloingiza jua la asubuhi. Macho yalikuwa yameanza kumchezea. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi aliweza kuuona mahali pamoja tu, pale. Akilikosa dirisha lile, atabaki kubandika vifungo. Lakini kumweleza hayo mtoto aliyembeba mgongoni?

"Nisaidieni basi," alisema mwashi. "Kila mtu akasimame pale anapopataka, nione mnagombania nini hasa."

Dada Pindo akaenda kuketi kwenye kiti chake, mkono juu ya cherehani kama anayemshika mtoto sokoni asipotee. Maneno alikuwa ameyapanga. Alisubiri kusikia hatua za mdogo wake zikija. Hazikuja. Alichosikia ni ndoo zikisogezwa, mbali, ng'ambo ya ukumbi.

"Wewe mtoto, mbona huji?"

"Nije wapi? Nimeshafika."

"Umefika wapi?"

"Kulia, dada. Huku ghalani, kwenye ngazi zangu."

Mwashi alitazama mlango huu, akatazama ule. Akaweka mwiko chini, akachuchumaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Walitoka, wakasimama kila mmoja upande wake wa kamba.

"Mkono wa kulia wa shati ni wa aliyelivaa," alisema Dada Pindo polepole. Miaka yote nyumba hii aliihesabu akiwa ameketi ndani yake, uso ukitazama barabara.

"Mimi nyumba naitazama nikiwa nje, na ndoo mkononi," alisema Brashi. "Sijawahi kuipaka rangi nikiwa nimeivaa."

Dada Pindo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa futi kamba iliyokuwa shingoni. Alipotulia, akamuuliza kulikuwa na haja gani ya kununa vile kwa ajili ya ngazi.

Brashi aliinamia kamba, akaichezesha kwa kidole.

"Si ngazi. Niliposikia unataka ghala, nilijua unaliacha dirisha. Nikasema, dada amechoka kushona na hataki kuniambia." Akakohoa kidogo. "Ndiyo maana nikawa naitia mafuta. Nilidhani ikiwa nyepesi hutaiacha."

Dada Pindo akaivuka kamba, akamnyoosha kola, ingawa ilikuwa imenyooka.

Ukuta ulipanda, tofali juu ya tofali. Ulipokamilika, ulisimama mbele ya mlango wa chumba cha kushonea, mzito na wa kijivu, ukimeza mwanga. Dada Pindo aliutazama. Akamsifu mwashi kwa kunyoosha vizuri.

Asubuhi moja aliamshwa na harufu ya rangi mbichi. Upande wake wa ukuta ulikuwa mweupe kutoka sakafuni hadi darini, na chini ya mlango lilisahaulika tone moja, bado bichi. Jua liliingia dirishani, likapita mlangoni, likaugusa ukuta, likarudi kumwagika juu ya cherehani. Akachukua kitambaa cheusi. Akachukua uzi mweusi.

Upande wa pili ngazi iliugonga ukuta, mara moja. Dada Pindo akaenda kuugonga na yeye, kwa mpini wa mkasi, kisha akarudi kitini, akaanza kukanyaga.