Gesi ya Chupani

Gesi, kwa Dada Mkubwa, ilikuwa kitu cha kutolewa tumboni, si cha kutiwa. Alikuwa amepikia shule ya bweni miaka ishirini na sita, na maharage yalishamfundisha yote kuhusu gesi. Kwa hiyo daktari aliposema, "Maji haya yana gesi ya haidrojeni. Bado tunaijaribu, huenda ikapunguza madhara ya mionzi. Mgonjwa akifungua chupa, anywe papo hapo," yeye alisikia neno moja tu.

Mdogo wake alikuwa fundi wa kupiga mabomba picha za mionzi, kutafuta nyufa. Siku moja kile chuma kinachotoa mionzi ya picha hizo kilikwama nje ya kasha lake, naye akakirudisha kwa mkono, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Sasa alikuwa akitapika, nywele zikibaki kwenye mto, na chembe nyeupe za damu zimeshuka hata daktari akawa anazitaja kwa sauti ya chini. Dada aliogopa sana. Ndugu aliyebaki alikuwa huyo huyo.

Tumbo bovu namna hiyo, umtie na gesi tena? Mwenye macho haambiwi tazama. Kila chupa aliimimina kwenye sufuria yake ya kazini, akayachemsha maji, akayaacha wazi yapoe, akayarudisha chupani na kuyapeleka wodini. Hakumwambia mtu.

Wiki ya nne chembe zikapanda. Daktari alitabasamu, jambo ambalo hakulizoea.

"Alikuwa anakunywa papo hapo?"

"Yakishapoa."

"Yapoe? Kwani yalikuwa ya moto?"

Dada akaeleza. Daktari akafunika kalamu yake.

"Mama, ukichemsha, haidrojeni yote inaondoka. Amekunywa maji."

"Safi," alisema Dada. Kisha akauliza, "Nimemnyima dawa?"

"Sijui kama ni dawa. Ndiyo maana tulikuwa tunajaribu." Akamfuta mgonjwa kwenye orodha ya majaribio. "Anapona. Sijui kwa nini."

Dada akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, mdogo wangu. Yale maji niliyachemsha."

"Najua. Yalinukia maharage tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Kila kitu nilikitapika, Dada. Hayo tu ndiyo yaliyokaa tumboni."

Dada akageukia dirishani, akalia bila kujificha. Alipomaliza, alimuuliza muuguzi jiko liko wapi.