Chembe za Gasper

Tangu matanga yaanuliwe, Newala nzima ilikuwa imekazana kumwambia Ethel ameze hasira. Meza, Mama Huruma. Meza, dada yetu. Ethel alikuwa amemeza mpaka koo likamuuma, na asubuhi hiyo, akienda kwa Mzee Bonifasi, mjomba wa marehemu mumewe, huku upepo wa baridi ukimpiga usoni, aliapa kwamba hamezi tena.

Mumewe, Gasper, alikuwa mwalimu wa hesabu, na ugonjwa wake ulikuwa soko la hisa. Kwa miaka saba yeye na Ethel walinasa kila bei iliyopita katika soko la Dar es Salaam; si bei ya siku, bali bei ya kila mara muuzaji na mnunuzi walipokubaliana. Gasper aliziita chembe. Chembe hazirudi: zikipita hujazinasa, basi tena. Ndiyo maana betri ya sola, aliyoifuata Masasi kwa pikipiki, iliwasha kompyuta kabla ya kuwasha taa ya sebuleni.

Na programu ya chati waliyozihifadhia chembe hizo haikupenda kujaziwa diski. Kila ilipofunguliwa iliuliza: data ya zamani ifupishwe? Ukikubali, inazisaga chembe zote za siku na kukuachia bei nne tu, ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia, zimechorwa kama mshumaa. Gasper alikuwa akiipigia kelele, "Hapana! Hapana, mwizi wee!" mpaka majirani wakacheka. Alijua anachokilinda. Ndani ya chembe zile mke na mume walikuwa wameona mkono wa mtu: hisa za kampuni moja zilinunuliwa kidogo kidogo dakika za mwisho, siku baada ya siku, ili bei ifunge juu na wasiojua wavutike. Mshumaa hauonyeshi hilo. Walikuwa wakiandaa ushahidi waupeleke Dar es Salaam, kisha Gasper akafa.

Zabroni, mtoto wa mjomba wake Gasper, ndiye aliyekuwa mtani wa marehemu, na mtani msibani ana kazi yake: kumwigiza aliyekufa ili wanaolia wacheke. Alivaa koti la Gasper, akavaa miwani ya Gasper, akaketi kwenye kompyuta ya Gasper. Swali likatokea. Watu wakasubiri ile "Hapana!" Zabroni akanyanyua kidole. "Leo marehemu amechoka kubisha. Leo anasema ndiyo!" Akabonyeza. Watu walicheka mpaka wakalala kwenye mikeka, na Ethel, aliyekuwa chumbani na wanawake, alikisikia kicheko hicho akashukuru. Alishukuru! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Hata diski ya akiba, iliyochomekwa pembeni ifuate kila badiliko la mwenziwe, ilifuata, na chembe za miaka saba zikapotea zote.

Asubuhi hiyo Ethel alimkuta Mzee Bonifasi barazani na mwanawe Zabroni, wanakunywa chai kwa mihogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Huruma. Karibu chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja na hasira."

Mzee akashusha kikombe. "Mtani hakasirikiwi, mwanangu. Tena maji yakimwagika hayazoleki."

"Hapa Newala, baba? Hapa tunapohangaikia ndoo moja? Hapa anayemwaga maji husemwa mpaka ashike adabu!"

Zabroni alijaribu kutabasamu. "Shemeji, si zimebaki zile bei nne? Siku nzima imo mle. Hivyo vingine ni vumbi tu."

Vumbi. Mezani ilikuwepo simu ya Zabroni, imeachwa wazi kwenye video za marehemu mama yake, Sabina, kama ilivyokuwa kila siku. Ukoo mzima ulizijua: Sabina akibangua korosho, Sabina akimgombeza kuku, Sabina akiimba kwaya na kukosea maneno. Ethel aliinyakua, akazichagua zote, akaweka kidole juu ya alama ya kufuta.

"Nifupishe?"

"Shemeji!"

"Nakubakizia nne. Anabatizwa, anaolewa, anaugua, anazikwa. Mama mzima si yumo mle? Hivyo vingine ni vumbi."

Zabroni aliinuka kwa kishindo, kigoda kikaanguka. "Usiguse! Nakuomba, shemeji, usiguse!"

"Mimi pia ni mtani wako. Mtani hakasirikiwi. Cheka basi!"

Hakucheka mtu. Mzee Bonifasi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kidole cha Ethel kilibaki palepale, na kusema kweli alitaka kubonyeza, alitaka sana. Kisha akairudisha simu mezani.

"Mzaha mzaha, hutumbuka usaha," alisema. "Wangu umekwisha kutumbuka. Wako nimeuacha."

Zabroni aliikumbatia simu kifuani, akaanza kulia. "Sikujua," alisema. "Sikujua kama ni yeye aliyekuwa mle."

Mzee Bonifasi aliinama, akakiinua kigoda kilichoanguka. Hakumwambia Ethel ameze.

Ethel alifika nyumbani soko likikaribia kufunguliwa. Aliwasha kompyuta, na programu, ambayo sasa haikuwa na chembe hata moja ya zamani, ikauliza swali lake lilelile.

"Hapana!" Ethel alipiga kelele, machozi yakimchuruzika. "Hapana, mwizi wee!"

Majirani walisikia. Safari hii hakucheka mtu.